Ushuhuda Wangu wa Kilo Nne

Mdogo wangu wa mwisho anasoma chuo Arusha, amepanga chumba Sakina. Mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, alinitumia picha ya kopo jeusi la poda ya protini na swali: "Kaka, ninunue hii?" Kabla sijajibu akaongeza: "Ina nyota nne na nusu. Watu zaidi ya elfu tatu wameisifia."

Siku hiyo nilikuwa juu ya dari ya nyumba ya watu kule Rau nikivuta nyaya. Nikairudisha simu mfukoni bila kujibu, lakini swali liliniganda mpaka jioni. Huu ni mwaka wa kumi na mbili ninanyanyua vyuma hapa Moshi, na poda nimezinywa za kila rangi, kwa hiyo jibu la haraka ningekuwa nalo. Kilichonizuia ni kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuwa mmoja wa hao elfu tatu. Niliwahi kutoa ushuhuda, wa kweli kabisa, na ukamwumiza mtu.

Jimu yetu ya wakati ule ilikuwa Majengo, banda la mabati lenye sakafu ya saruji. Vyuma vingine tulivichomelea wenyewe kwa gia za magari yaliyokufa. Nilikuwa na kilo 61 na nilikwama hapo mwaka mzima. Mwishoni mwa Novemba nikanunua kopo la poda ya kuongeza mwili kwa shilingi 165,000, hela niliyolipwa kwa kufunga umeme kwenye vyumba sita vya kupangisha. Katikati ya Januari mizani ikasoma 65. Nikajipiga picha, nikaiweka kwenye grupu la jimu na maneno ambayo nayakumbuka yote: "Wadau, hii kitu inafanya kazi. Kilo nne ndani ya wiki saba. Sidanganyi."

Na kweli sikudanganya. Mizani ilikuwa nzima, kilo zilikuwa kilo, kopo nililinunua kwa hela yangu na hakuna aliyenilipa hata soda. Ila kuna kitu sikukiandika, kwa sababu hata sikukifikiria. Mtu wa Kilimanjaro anajua Desemba ilivyo. Tarehe 18 nilipanda nyumbani Kibosho, nikashuka mjini baada ya wiki tatu na ushee. Asubuhi mtori, mchana machalari, jioni nyama, na katikati maziwa ya mgando ya mama, ambaye haamini kwamba mtoto wake anakula vizuri mjini. Usiku nililala kwa saa tisa, mimi niliyezoea kulala kwa saa sita. Poda niliendelea kuinywa, kijiko kimoja kila asubuhi, na mizani ilipopanda kilo zote nne nikaipa poda. Mtori haukupata hata gramu moja.

Ujumbe wangu ulisomwa na kijana mmoja wa Pasua, mbeba mizigo soko la Mbuyuni. Alikuwa akiweka akiba anunue mkokoteni wake mwenyewe, aache kukodi wa watu. Akatoa sehemu ya akiba hiyo, akanunua makopo mawili. Wiki ya kwanza tumbo likaanza kuunguruma, ikaja gesi, kisha kuhara. Kwa kuwa kwenye grupu mtu fulani aliwahi kusema mwili huwa unazoea, akaendelea kunywa. Alikosa kazi siku nne, na kwa mbeba mizigo siku nne bila kazi ni siku nne bila kula vizuri. Kopo la pili akaliuza kwa hasara. Kwenye grupu hakuandika neno.

Aliniambia mwezi wa sita, tumekaa nje ya banda tukisubiri umeme urudi. Alisema kwa sauti ya chini, bila kunilaumu: "Kaka, mimi nilidhani tatizo ni mwili wangu."

Sasa najua lililomkuta. Poda nyingi za aina ile huwa na wei ndani yake, yale maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini, na wei ya bei ya kawaida huwa na laktosi, sukari ya maziwa. Watu wazima wengi wa huku kwetu hatuimeng'enyi vizuri sukari hiyo. Ndiyo maana mtu anaweza kunywa mtindi bila shida, kwa sababu bakteria wameshaila sehemu ya laktosi, halafu glasi ya maziwa mabichi ikamfungulia tumbo. Mwili wake haukuwa na kasoro yoyote. Lakini yeye alikaa nalo moyoni miezi mitano, na grupu lilikuwa na ushuhuda mmoja tu, wangu, wenye picha. Mtu akihesabu angeona mmoja kati ya mmoja amefanikiwa.

Wenye umri wangu wanakumbuka mwaka 2011, magari yalivyopita hapa kuelekea Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha dawa cha shilingi 500. Nilikuwa sekondari. Mtaani kwetu waliorudi wakijisikia wepesi walisimama mbele ya watu wakasimulia, na machozi yao yalikuwa ya kweli. Waliorudi wakiwa vilevile walifungua maduka yao, wakaendelea na kazi. Nani anasimama mbele ya watu aseme "mimi bado"? Kwa hiyo aliyekuwa akisikiliza pale mtaani alisikia upande mmoja tu, bila mtu yeyote kupanga iwe hivyo. Sisemi haya kwa kumlaumu mtu. Nasema kwa sababu kopo lenye nyota nne na nusu linasikika kwa njia hiyohiyo: anayeandika ni aliyefurahi sana au aliyekasirika sana, na wale wa Pasua hawaandiki.

Maoni ya kununuliwa yapo, tena mengi, ila sitakaa hapo sana kwa sababu hilo kila mtu analishuku tayari. Februari 2019 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kesi dhidi ya kampuni iliyouza vidonge vya kupunguza mwili vya garcinia cambogia kwenye Amazon. Kwa mujibu wa mashtaka, mwenye kampuni alilipa dola 1,000 aandikiwe maoni 30, na akaeleza kwamba anahitaji wastani wa nyota 4.3 ili mauzo yaende. Huku kwetu gharama ni ndogo zaidi. Tunaita mrejesho: picha ya mazungumzo ya WhatsApp, namba imefutwa kwa wino mwekundu, mteja anasema "Asante dada, wiki mbili tu naona mabadiliko." Mtu mwenye simu mbili anaitengeneza kabla chai haijapoa. Na ukiandika chini ya tangazo kwamba kwako haikusaidia, jioni ukirudi hukuti maneno yako.

Iliyonishangaza zaidi ni mbinu nyingine. Mwaka 2023 FTC iliitaka The Bountiful Company, watengenezaji wa vitamini na virutubisho, ilipe dola 600,000. Tume ilisema kampuni iliunganisha bidhaa zake mpya na zile zilizokwisha kupendwa kwenye Amazon, zikaonekana kama ladha au ukubwa tofauti wa kitu kimoja. Kopo jipya kabisa likaingia sokoni likiwa na sifa za kopo jingine. Tangu nisome hiyo, kabla ya kutazama idadi ya nyota nashuka chini nione watu wanazungumzia kitu gani. Mwaka jana nilikuta kreatini, poda ya kuongezea misuli nguvu, isiyo na ladha ambayo wanaoisifia wengi wanafurahia chokoleti yake.

Lakini waongo hao hawanisumbui kama wanavyonisumbua wakweli.

Kulikuwa na unga mmoja wa kunywa kabla ya mazoezi, unaitwa Craze, wa kampuni ya Driven Sports ya Marekani. Mwaka 2012 Bodybuilding.com, wakati huo duka kubwa la mtandaoni la mambo haya, liliutunuku kuwa kirutubisho kipya cha mwaka. Watu waliupenda kwa moyo wote: unaamsha, unatuliza akili kwenye chuma, unataka kurudia seti nyingine. Oktoba 2013 watafiti, akiwemo Dokta Pieter Cohen wa Harvard, walichapisha matokeo kwamba ndani yake wamekuta kemikali yenye umbile la karibu na methamphetamine, dawa kali ya kulevya. Lebo ilizungumzia dondoo la ua la dendrobium. Kampuni ilipinga.

Mrudie sasa yule aliyeandika "sijawahi kusikia nguvu kama hii." Hakulipwa. Hakutia chumvi. Alisikia nguvu kweli, na alichokisikia kinawezekana kabisa kuwa ndicho kile kisichotajwa kwenye lebo. Kadiri kilichofichwa kinavyokuwa kikali, ndivyo shukrani za wanywaji zinavyokuwa tamu. Nililisoma hilo usiku, nikakaa kitandani muda mrefu, kwa sababu miaka yote nilikuwa nimejifundisha kuwatafuta waongo. Sikuwahi kufikiri kwamba sifa za watu waaminifu zinaweza zenyewe kuwa dalili ya hatari.

Na Craze haikuwa peke yake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulipitia maonyo ya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, kuanzia 2007 hadi 2016, ukahesabu virutubisho 776 vilivyokutwa na dawa ambazo hazikuandikwa. Vingi vilikuwa vya nguvu za kiume na vya kupunguza mwili. Takriban 12 katika kila 100 vilikuwa vya kujenga misuli, na humo kilichojificha zaidi ni steroidi za kutengenezwa, dawa za kujaza misuli, na jamaa zake. Hebu fikiria mrejesho wa kijana aliyekunywa steroidi bila kujua. Atakuwa amejazia kweli. Picha yake haitakuwa imeguswa. Ini lake, linaloweza kuumia, halipigi picha.

Kuna na upande wa pili, wa mtu kusikia nguvu wakati hakuna kitu kabisa. Mwaka 1972 Gideon Ariel na William Saville waliwapa wanyanyua vyuma vidonge, wakawaambia ni Dianabol, steroidi maarufu ya siku hizo. Vidonge vilikuwa vitupu. Nguvu zao zikapanda kuliko zilivyokuwa zikipanda kabla. Walinyanyua chuma halisi, kilo halisi, kwa sababu waliamini. Ungewaomba ushuhuda wangekupa wa nyota tano, na chuma kingekuwa shahidi wao.

Mimi mwenyewe nina wangu. Mara ya kwanza kunywa unga wa kabla ya mazoezi, uso na masikio vilianza kuwasha kama nimepitiwa na siafu. Nikamwambia kocha, "Leo imeshika." Kumbe ile ni beta-alanini, kiungo kimoja cha unga huo, inayochokoza mishipa ya fahamu ya ngozi. Haina madhara makubwa, na wala haielezi lolote kuhusu misuli. Faida yake, kwa mazoezi makali ya dakika moja hadi nne hivi, huja baada ya kuitumia kila siku kwa wiki kadhaa. Lakini siafu wanakuja ndani ya dakika ishirini, siku ileile, na mtu anaandika maoni yake siku hiyohiyo.

Wazee wetu walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sijui methali inayoieleza biashara ya protini kuliko hiyo. Njia ya zamani ya kukadiria protini, iliyoanzishwa na mkemia wa Denmark Johan Kjeldahl mwaka 1883, hupima naitrojeni, halafu protini inapatikana kwa hesabu. Mtengenezaji akitia glisini au taurini, asidi za amino za bei ndogo zenye naitrojeni, kipimo kinapanda na lebo inasoma protini nyingi ambayo kwenye kopo haimo. Ni ujanja wa ukoo mmoja na ule wa melamini, kemikali yenye naitrojeni nyingi, kwenye maziwa ya watoto huko China mwaka 2008, uliowafanya watoto karibu 300,000 waugue na kuwaua sita. Sasa, nyota elfu tatu zilizokusanywa kwa miaka minne ni sifa za tembo la mwaka gani? Aliyelisifia kopo la kwanza hajui kilichomo kwenye kopo la leo. Jina ni lilelile, rangi ni ileile, na ulimi hauwezi kuhesabu gramu.

Kwa hiyo siku hizi sijiulizi kwanza kama anayeandika ni mkweli. Najiuliza: huyu, kwa alivyo, angeweza kukijua anachokisema? Akisema poda haiyeyuki, inabaki na mabonge, namwamini, amekoroga mwenyewe. Akisema muhuri wa ndani ulikuwa umefunguliwa, au tarehe ya kuisha imebandikwa juu ya nyingine, namwamini na namshukuru. Akisema tumbo lilimvuruga siku tatu na alipoacha likatulia, namsikiliza kwa makini kuliko wote, hasa nikiona wengine watano wasiojuana wanasema hivyohivyo kwa maneno tofauti. Haya ni mambo ambayo jicho, ulimi na tumbo vinaweza kuyashuhudia. Lakini mtu akiniambia ina protini gramu 25 kweli, kwamba ni safi, kwamba haina madhara, kwamba misuli yake imetoka humo, huyo anasema jambo ambalo kwa macho hawezi kuliona, hata awe mtumishi wa Mungu. Hilo linaonwa na maabara, na sehemu nyingine linahitaji watu wengi waliogawanywa, nusu wanywe kitu, nusu wanywe kitupu, bila kujua.

Nilimrekodia mdogo wangu sauti ya dakika saba, ndefu kuliko zote nilizowahi kumtumia. Nilimwambia ayaache yale ya nyota tano na ya nyota moja, asome ya mbili na tatu, na aangalie tarehe zake, kama hazikumwagika zote ndani ya wiki moja. Nikamwambia atafute kama kopo lina alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, mipango ya kupima virutubisho kama vina dawa zilizokatazwa michezoni, kisha asiiamini alama iliyochapwa kwenye karatasi: aingie kwenye tovuti yao atafute bidhaa yenyewe, na kwa Informed Sport namba ya toleo. Akimkuta muuzaji anayejigamba kopo lake jipya limethibitishwa na TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa ya Tanzania, aondoke, kwa sababu tangu mwaka 2019 hakuna chombo chenye jina hilo. Kazi ya chakula ilihamia TBS, shirika la viwango, na kilichobaki kikawa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Halafu tukapiga hesabu ya chakula, sehemu niliyoipenda zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti 49 ulikuta kwamba kwa wanaonyanyua vyuma, protini ikizidi takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, misuli haionyeshi faida ya ziada. Yeye ana kilo 70, ni kama gramu 112. Yai moja lina gramu kama 6. Maharage makavu gramu 100 yana kama 21. Ongeza dagaa, mtindi, perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu akija nyumbani. Ukiziweka kwenye daftari unaona kopo linaziba pengo dogo kuliko linavyojitangaza, na kwa mwanafunzi anayelipa kodi ya chumba pengo hilo linazibika sokoni Kilombero.

Akanijibu: "Kwa hiyo hao elfu tatu ni waongo?"

Nikamwambia wengi wao nadhani ni wakweli, kama nilivyokuwa mimi. Nikamsimulia ya Kibosho na ya Pasua, ambayo hakuwahi kuyasikia.

Usiku huohuo nilirudi kwenye grupu la zamani, ambalo siku hizi linatuma zaidi matangazo ya misiba na michango ya harusi. Nikaitafuta ile picha yangu, nikaijibu mwenyewe: kwamba kilo zile nne nilizipata wakati wa likizo, nikila mtori na kulala, na kwamba sijui poda ilichangia ngapi, na kwamba iliwahi kumwumiza tumbo mtu ninayemheshimu. Sikumtaja. Watu watatu waliweka dole gumba. Kesho yake asubuhi kijana wa Pasua aliandika pale mbele ya wote: "Ni mimi. Iliniharisha." Baada yake wakajitokeza wengine wawili, mmoja wao nilinyanyua naye vyuma miaka mitatu na hakuwahi kunigusia.

Mdogo wangu hakununua kopo jeusi. Alinunua kreatini ya kawaida, ambayo imechunguzwa kuliko karibu vyote vinavyouzwa kwenye rafu hizo, anakunywa gramu 5 kwa siku, na ana daftari analoandika uzito, chakula na saa za kulala. Siku ya tisa alinipigia, sauti imejaa furaha: "Kaka, kilo moja na nusu!" Nikamweleza kwamba kreatini mwanzoni huvuta maji ndani ya misuli, kwa hiyo hizo asizihesabu kuwa nyama. Aendelee kuandika, na mpaka mwezi wa nane asimwambie mtu kama inafanya kazi au haifanyi.

"Hata wapangaji wenzangu?"

"Hata hao."